Mpishi Asiyeonja

Juzi, Ramadhani hii hii tuliyo nayo, alikuja binti mmoja kukaa jikoni kwangu na daftari lake. Anataka kufungua mkahawa Mambrui, kaambiwa mimi najua kazi. Akaniuliza siri ya hoteli kupendwa. Kabla sijafungua kinywa akaanza kunisomea siri alizokwisha kuzipata kwenye simu: rangi ya ukuta, tabasamu la mhudumu, picha nzuri za chakula, jina linalokaa akilini. Nilimsikiliza nikiwa nakatakata vitunguu, uvumilivu ukaniisha, nikamwambia alifunge daftari lake. Mimi nimefanya kazi miaka kumi na mmoja hapa Malindi katika hoteli yenye ukuta mzuri kuliko zote, na mwenyewe alikuwa na tabasamu la kumtoa nyoka pangoni. Huyo huyo aliwalisha watu samaki mbovu katika mwezi mtukufu, kisha akasimama mbele ya kadamnasi akanisamehe mimi. Naam, akanisamehe. Hapo ndipo damu inaponichemka mpaka leo, na hapo ndipo nilipoanzia kumsimulia.

Tulimwita tajiri, maana ndivyo tunavyomwita kila aliyetuajiri, hata akiwa na madeni ya kumzamisha. Alikuwa na kanzu isiyojua mkunjo. Alikaa mlangoni na tasbihi yake, kila anayeingia anamwamkua, anamwuliza hali ya mamake, na mamake mtu anamjua kwa jina. Msikitini mikeka mipya ikihitajika alikuwa wa kwanza. Juu ya mlango aliandikisha kwa herufi kubwa za kijani kwamba hapa ni halali tupu. Nami nilichukua miaka mingi kuelewa kwamba kwake halali ilikuwa shingo ya kuku. Shingo ikishakatwa kwa bismillahi, yaliyobaki ni biashara.

Mimi ni mtu wa Mambrui. Nimefundishwa kupika na mamangu, na kusoma Kurani na mwalimu wa kike aliyekuwa na chuo nyumbani kwake, watoto thelathini juu ya mkeka mmoja. Mwalimu huyo baadaye alifiwa na mumewe, akahamia Malindi, akapanga chumba mtaa wa nyuma ya hoteli yetu. Kwa uzee wake hakuweza tena kujipikia futari, kwa hiyo kila alasiri ya Ramadhani bakuli lake lilikuja kwangu, bakuli la bati jeupe lenye kifuniko cha kijani. Hayo ndiyo yalikuwa mazoea pale. Mchana wa Ramadhani hoteli imefungwa, viti vimepinduliwa juu ya meza, lakini jikoni moto unawaka, na kuanzia alasiri mabakuli ya mtaa mzima yanapangwa kwenye benchi refu, kila moja linamjua mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikipakua. Watu walisema wanakuja kwa ajili ya mkono wangu.

Na sasa niseme jambo ambalo watu wangu walilipenda sana na mimi nikalipenda zaidi. Nilikuwa sionji. Ramadhani yote, masufuria kwa masufuria, sitii ulimini hata tone. Chumvi naipima kwa kiganja, ndimu kwa pua, na tui likikaribia kuiva nalisikia linavyobadilisha mchemko. Ruhusa ninayo, tena nilifunzwa chuoni na mwalimu yule yule: mpishi aliyefunga ataonja kwa ncha ya ulimi, atatema, atasukutua, na funga yake ni nzima. Alitukaririsha hivyo tukiwa wadogo wa meno ya utotoni. Lakini mimi niliiona ile ruhusa ni ya wapishi wavivu, wasiojua chungu chao. Tajiri alinitangaza mlangoni. "Mpishi wangu haonji!" aliwaambia wateja. "Huyu si mpishi, huyu ni walii." Watu wakicheka, wakistaajabu, nami naangalia chini kwa unyenyekevu na moyoni nimevimba kama andazi.

Nilikuwa na mwenzangu jikoni, mama mmoja wa Kigiriama kutoka bara, upande wa Ganda, aliyekuna nazi na kuosha vyombo. Yeye ni Mkristo, hafungi, lakini kwa heshima yake alikuwa hali mbele yetu. Atatoka nyuma ya ghala ale muhogo wake huko. Kwa miaka tuliyokaa pamoja hakunisumbua kwa neno.

Siku yenyewe ilikuwa katika kumi la kati la mwezi. Kwa kawaida samaki wetu walitoka Ngomeni, wakifika asubuhi ndani ya barafu, macho yao maangavu, mashavu mekundu ukiyafunua. Siku hiyo tajiri alinipigia simu asubuhi akaniambia nisinunue, samaki wapo njiani. Walifika saa nane mchana kwa pikipiki. Jodari wawili wakubwa, ndani ya ndoo, wamefunikwa gunia bichi, barafu hakuna hata punje. Na hawakuwa na vichwa. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maana yake. Umri wa samaki husomwa machoni na mashavuni, na aliyekata kichwa kamnyamazisha shahidi.

Nikatoka kumwuliza. Tajiri akaingia jikoni mwenyewe, mtu ambaye kwa mwaka mzima hakanyagi mlango ule zaidi ya mara mbili kwa kuogopea kanzu yake moshi.

"Ni wa leo, wallahi," akaniambia. "Vichwa kavitaka mtu wa supu. Wewe wakaange, uwatie nazi, kisha ndimu na ukwaju usihurumie. Wateja wapenda ukali."

Mtu asiyejua kuchemsha yai ananifunza ukali wa mchuzi! Ningepaswa kuacha mwiko pale pale. Lakini niliinusa ile nyama na haikunuka. Huo ndio udanganyifu wa jodari. Akishapigwa na jua, anaweza asitoe harufu hata chembe, na huku ndani ameingia muwasho ambao moto hauutoi, umkaange, umchemshe, umfanye utakalo. Hili si elimu ya vitabu, mke yeyote wa mvuvi analijua. Na dawa yake anaijua pia: kipande kidogo ulimini. Ukichomwachomwa, mwaga chungu chote.

Mwenzangu aliniona nimesita. Akaweka mbuzi ya nazi chini, akafuta mikono.

"Dada," akasema, "nikuonjee mimi? Mimi sikufunga."

Nikacheka. Nasikia kile kicheko hata sasa. "Mkono wangu naujua," nikamwambia, "kuna nazi haijaisha hapo."

Alasiri nikapakua. Bakuli jeupe lilipofika zamu yake, nilifanya kama nilivyofanya siku zote kwa aliyenifunza kusoma: nikachagua minofu minene ya mgongoni, nikamwongezea, nikamjazia mchuzi mpaka ukingoni. Wengine walipata kipande kimoja kimoja. Yeye nilimpa vitatu.

Magharibi ilipoadhiniwa nilifungua kwa tende na maji, nikanywa uji, kisha nikachukua kipande kilichobaki kwenye sufuria. Hakikufika kooni. Ulimi ukaanza kuwasha, midomo ikapata ganzi, kama niliyelamba pilipili, na pilipili sikutia. Nikatema. Sikungoja kuvaa viatu. Nilitoka mbio na kanga moja, watu wananiuliza kuna nini, nami sina pumzi ya kuwajibu, nikaingia uchochoro wa nyuma ya hoteli nikapiga hodi huku nishafungua mlango.

Mwalimu alikuwa juu ya mkeka amejishika ukuta. Uso wake umekuwa mwekundu, macho yamevimba, anatapika na kati ya kutapika na kutapika anatafuta pumzi. Bakuli lilikuwa kando yake. Alikuwa amekula vyote vitatu, hakupenda kuacha chakula nilichompikia.

Tulimpakia kwenye tuktuk, mimi na jirani yake, tukamfikisha hospitali akatundikiwa dripu na kuchomwa sindano. Mtaani kulikuwa na wengine waliowashwa na kuharisha, wengi wao watu wa nguvu zao, yakawapita. Lakini yeye ni mzee, na moyo wake ni wa kumeza vidonge. Alikaa hospitali siku mbili, na siku ya kwanza daktari hakutaka kutuambia neno la kutupa matumaini.

Kesho yake alasiri nilikuwa jikoni tena, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nisije na sikujua mahali pengine pa kwenda. Mabakuli yalikuwa machache. Nikamsikia tajiri mlangoni, sauti yake ya asali, na baadaye maneno hayo hayo akayarekodi akayatuma kwenye kundi la mtaa la simu.

"Ndugu zangu," alisema, "binadamu hakamiliki. Mpishi wetu alikuwa na saumu yake, kachoka, kamwacha samaki juani. Hakukusudia. Sisi tumeshamsamehe kwa heshima ya mwezi huu. Nanyi msameheni."

Nilikuwa na kisu mkononi na kitunguu nusu. Nawaambia kweli, sijawahi kutukanwa nikaumia kama nilivyoumia kusamehewa siku ile. Tusi unaweza kulirudisha. Msamaha wa mtu aliyekukosea unaurudisha vipi? Watu walishaanza kusema, "Masikini, saumu humchosha mtu," na kila aliyenionea huruma alikuwa anatia sahihi ya uongo ule.

Mwenzangu akanijia karibu, macho yake chini.

"Dada, yule wa pikipiki nilimsikia jana," akasema. "Aliwaambia wahudumu samaki hawa walikuwa wapelekwe hoteli moja ya watalii ya Bofa, kule Kilifi. Wakafunguliwa kule wakakataliwa, wakarudishwa. Mimi nikadhani nyote mwajua."

Nikakaa juu ya debe. Huko Bofa kuna mpishi, simjui, hanijui, ambaye ndoo ilipofunguliwa mbele yake alisema la. Wageni wake waliokuja wiki moja kuota jua aliwaona hawastahili kula kitu kile. Kisha ndoo hiyo hiyo ikapanda pikipiki, ikapita jua la Kilifi mpaka Malindi, samaki wakakatwa vichwa njiani, wakaletwa kwa watu waliofunga kutwa nzima, kwa vikongwe, kwa waja wazito, kwa watu ambao tajiri anawajua mama zao kwa majina. Asiyefaa kwa mgeni ndiye anayemfaa jirani!

Nilimfuata mlangoni. Nilimwambia yote, tena kwa sauti.

"Tajiri, ulijua samaki wamekataliwa."

"Wale kazi yao kukataa," akasema, tabasamu halijaondoka. "Wataka samaki anayepumua. Mimi nilitazama nikaona wazima."

"Basi ungewaacha na vichwa vyao."

Akanivuta pembeni, karibu na pipa la maji. "Sikiliza, dadangu. Mimi sikupika. Mimi nilikupa wewe, kwa kuwa nakuamini. Ungeona wana kasoro ungenambia." Kisha, kana kwamba ananibembeleza, akaongeza neno lililonifungua macho: "Na kwani ni ajabu? We huonji Ramadhani, kila mtu yuwajua."

Kila mtu anajua. Na yeye alijua kuliko wote. Hapo nikaanza kukumbuka Ramadhani zilizopita. Samaki wanaofika mchana badala ya asubuhi. "Ndimu usihurumie." Nyama ya kusaga iliyoletwa imeshatiwa viungo. Miezi kumi na mmoja kwa mwaka hakuthubutu, kwa sababu nilikuwa na ulimi. Mwezi wa kumi na mbili nilijikata ulimi mwenyewe, akanisifia kwa hilo mbele za watu, na kila alichokuwa hawezi kukipitisha akakipitisha mwezi huo. Alinipa cheo cha uwalii na uwalii wangu ukawa ndio mlango wake wa nyuma.

Nilikwenda kwa mwalimu siku aliyorudi kutoka hospitali. Nilikwenda nimejaa. Nilitaka kumwaga hasira zangu kwa mtu atakayezipokea, na nilijua atanipokea, maana yeye ndiye aliyedhulumiwa zaidi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nilikaa nikasema. Nilimsimulia Bofa, pikipiki, vichwa, ndimu, maneno ya mlangoni, ule msamaha. Nilisema tajiri ni mnafiki, tasbihi yake ni ya kuhesabia wajinga. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake mwembamba juu ya goti, bado una alama ya sindano.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, mwalimu."

"Yeye Mungu atamwuliza. Sasa mimi nakuuliza wewe. Ulionja?"

 Nikasema neno la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kusema maishani. "Nilikuwa nimefunga, mwalimu."

Nimemjua mwanamke yule tangu nina miaka sita na sikuwahi kumwona amekasirika. Hata tulipokuwa tukichana juzuu kwa kugombania, alituchapa bila kukasirika. Siku ile aliinuka kutoka kwenye mto wake, akakaa wima.

"Nani alikufunza kuwa kuonja kwafunguza? Mimi? Niambie ni mimi!"

"Si wewe, mwalimu."

"Nilikukaririsha mwenyewe, ncha ya ulimi, tema, sukutua. Ulikuwa ukiisema vizuri kuliko wenzio. Yule mama wa Kigiriama, asiyefunga, hayuko nawe jikoni?"

"Yuko." Na kwa kuwa sikuweza kumficha, nikamwambia. "Alitaka kuonja. Nilimkataza."

Akarudi kuegemea mto wake.

"Basi na ungekosea," akasema, "na ukameza, na funga ikaharibika. Ungeilipa siku moja baada ya Idi, ikaisha. Funga yalipwa, mwanangu. Mimi ungenilipa vipi?"

Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimekwenda pale kumshtaki mtu aliyefanya dini pazia la biashara yake, na kumbe na mimi nilikuwa na pazia langu, tena zuri zaidi, la hariri. Yeye alitaka faida. Mimi nilitaka kustaajabiwa. Waliokula walikuwa katikati yetu, na hakuna kati yetu aliyewatazama. Nilimbusu mkono nikatoka. Hakuniambia karibu tena.

Alasiri ile ile nilisimama mbele ya benchi la mabakuli. Nikawaambia waliokuwapo kwamba samaki wale walikataliwa Bofa, kwamba tajiri alijua, na kwamba mimi niliwapika bila kuonja na hali ninayo ruhusa ya kuonja, na nilikuwa na mtu kando yangu aliyejitolea anionjee. Nikasema msinisamehe kwa uongo, nilaumuni kwa kweli. Wengine walichukua mabakuli yao wakaondoka. Mzee mmoja alinikemea kwamba mambo ya ndani hayasemwi katika mwezi mtukufu. Tajiri akatabasamu akawaambia watu ni joto la saumu. Nikavua aproni nikaitundika juu ya msumari wake, na mwenzangu, ambaye hakuna aliyemfukuza, akachukua mbuzi yake ya nazi akanifuata.

Yule binti wa daftari alipofika hapa kwenye hadithi alichangamka. Akaniuliza, basi ile hoteli ilifungwa? Nikamwambia nenda kaitazame. Imejaa. Ukuta umepakwa rangi upya mwaka jana, bango la halali limewekewa taa. Usidanganywe na mtu kwamba ubaya hauna wateja. Una wateja wengi, na wengine wao ni watu ninaowapenda.

Mimi na mwenzangu tulifungua kijumba hiki mtaa wa tatu kutoka pale, meza nne. Mwenzangu haonji, anakula: kijiko kizima kutoka kila sufuria, na akikunja uso chakula hakitoki. Na mimi Ramadhani kila alasiri, mabakuli yakiwa yamepangwa na wenyewe wanaangalia, nachukua kwa ncha ya ulimi, natema, nasukutua. Mwanzo kuna wanawake walionong'ona kwamba nimepungua dini. Waache wanong'one.

Bakuli jeupe halikuja Ramadhani ile iliyobaki, wala ya pili yake. Ya tatu lilikuja, limeletwa na yule jirani tuliyempakia naye mwalimu kwenye tuktuk. Akaliweka benchini, akaona haya kidogo, akasema: "Mwalimu yuwauliza, ushaonja?"

Nilikuwa nimeshaonja. Ningeweza kusema ndiyo yakaisha. Nilifunua sufuria mbele yake nikaonja tena, nikatema.

Tangu siku hiyo bakuli linakuja kila alasiri na swali linakuja nalo. Juzi pia lilikuja, binti akiwa amekaa jikoni juu ya debe na daftari lake. Akamsikia jirani akiuliza, akaniona nikifunua sufuria. Jirani alipoondoka binti alikuwa amekasirika kwa niaba yangu.

"Miaka yote hii bado hakuamini?" akasema. "Na wewe swali hilo halikuudhi?"

"Laniudhi kila siku," nikamwambia. "Sasa fungua daftari lako, uandike hilo."